Upande wa Nje wa Mlango

Kwa miezi saba Fundi Bawaba alikuwa hajaomba hata sentensi moja, na kwa miezi saba hiyo hiyo kanisa zima lilikuwa likimtaja kama mfano wa mtu wa maombi. Aibu ya jambo hilo ilimkaa kooni, haimezeki wala haitemeki.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri alitoka chumbani kwake, akatembea hadi mwisho wa korido kwenye kile chumba kidogo, akafungua mlango, na bila kuingia akaufunga tena kwa kishindo ili binti yake, aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini, asikie. Kisha akanyata mpaka mlango wa uani, akatoka, akaingia kwenye karakana yake na kuketi juu ya rundo la mbao. Hakufanya chochote huko. Siku nyingine alihesabu misumari kwenye kopo, akaimwaga, akaihesabu tena. Ikitimu saa kumi na mbili alirudi ndani amevaa uso wa mtu aliyetoka kuzungumza na Mungu, akanywa chai yake peke yake.

Mtu mzima na mvi zake, anadanganya kwa kubamiza mlango. Ungemwona ungecheka, kisha ungejuta kwamba umecheka, kwa sababu alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa nzito.

Jina la Bawaba alipewa na watu wa mtaani, na alilistahili. Mafundi wengine wa milango wakishakaza skrubu ya mwisho huupiga mlango makofi mawili, huokota vifaa vyao na kwenda zao. Yeye aliuacha nusu wazi, akaenda kuomba maji ya kunywa kwa mwenye nyumba, akapiga soga kidogo, akarudi. Akikuta mlango umesogea hata upana wa kidole, aliung'oa akaanza upya. Mlango uliofungwa sawasawa, alisema, hukaa pale ulipouacha. Wateja walichoka kumsubiri, wakamsema, lakini milango yake ilikuwa haikwaruzi wala hailii, na waliohama nyumba walimwita huko walikohamia.

Miaka kumi na moja nyuma, mtu huyu aliamua kwamba kuomba kwa kudonoadonoa kumetosha. Alikuwa amechoka kuanza kila Januari na kuishia Februari. Akaamua: saa nzima, kila siku, pawe na mvua au jua. Akachukua stoo iliyokuwa mwisho wa korido, akatoa ndoo na mifagio, akaweka kigoda, taa ndogo, saa ya ukutani na daftari. Alikuwa amesikia mara nyingi kanisani pale mtu anapoambiwa akitaka kuomba aingie ndani na kufunga mlango, na yeye, kwa kuwa kazi yake ni milango, alilichukua neno hilo kifundi. Akatengeneza mlango wa mbao ngumu, tabaka mbili, na katikati ya tabaka akashindilia unga wa mbao ili sauti isipite. Kwa ndani akatia komeo. Siku ya kuufunga aliuinua na mkewe, huyu huku na yule kule, mkewe akitweta na kuuliza ni simba gani anayekuja kufugwa humo ndani.

"Mlango ukifungwa msinigongee," aliwaambia siku ile, mkewe na binti yao ambaye alikuwa bado shuleni. "Hata nyumba ikiungua, ngojeni amina."

Alisema kwa utani. Lakini utani wa baba mwenye nyumba ukirudiwa mara tatu nne hugeuka sheria, na hakuna aliyewahi kugonga.

Basi akadumu, kusema kweli alidumu. Kila asubuhi baada ya amina alifungua daftari na kutia alama ya vyema, moja kwa siku, na madaftari yakajaa, la kwanza, la pili, la tatu. Kanisani wakaanza kuiita Saa ya Fundi. Mtu akichelewa kwaya aliulizwa kama alikuwa kwenye Saa ya Fundi. Naye akijitia hamnazo, lakini alipenda, na nani asingependa?

Mkewe hakuwa na saa wala daftari. Aliomba huku akifagia maranda, akijifunga kilemba, akisubiri maji yachemke. Maneno mawili matatu, anaendelea na kazi. Fundi alimtania kwamba anamwomba Mungu kama mtu anayemsalimia jirani kupitia dirishani.

"Si anaitikia?" mkewe alimjibu, akamwongezea chai.

Asubuhi ile, miezi saba iliyopita, Fundi alikuwa ndani akiwaombea wagonjwa wa kanisani. Orodha ilikuwa na majina kumi na tisa. Alikuwa amemaliza la kumi na mbili aliposikia kitu mlangoni, chini kabisa, upande wa nje. Hakikuwa kugonga. Ulikuwa mdundo mmoja, mzito kidogo, halafu mkwaruzo wa kitambaa kwenye mbao. Akanyamaza akasikiliza. Akatazama saa ya ukutani, zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Akamtaja mgonjwa wa kumi na tatu.

Saa kumi na mbili kamili akasema amina. Akafungua daftari, akatia alama yake ya vyema, akalifunga. Ndipo akavuta komeo, na mlango ukaja wenyewe. Mlango alioufunga kwa mikono yake, ambao kwa miaka kumi na moja haukusogea bila kusukumwa, ukaja ndani taratibu na mkewe akaja nao chalichali, kichwa kikaangukia juu ya miguu ya mumewe. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo mlangoni. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Alifariki alasiri ya siku ile hospitalini, bila kusema neno.

Daktari alisema ni kiharusi, mshipa wa kichwani umepasuka. Fundi akauliza, je, kama angeletwa mapema kidogo, tuseme dakika ishirini hivi? Daktari alikuwa kijana mpole, akasema jambo kama hilo hakuna anayeweza kulijua. Fundi alitamani kijana yule amtukane.

Msibani watu walipouliza, alisema hakusikia kitu. Aliwaambia shemeji zake hivyo, akamwambia mchungaji, akamwambia binti yake. "Mlango ule mzito," alisema, nao wakatikisa vichwa wakakubali kwamba kweli, ule mlango ni mzito. Na tangu siku ile, kila alipofumba macho ili aombe, alirudi palepale kwenye jina la kumi na tatu, na ulimi ukagoma.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mchungaji alipokuja karakanani siku ya Jumatano. Alikuwa mchungaji kijana, aliyefundishwa dini utotoni na marehemu mwenyewe, na hakuweza kumwona Fundi bila macho kulowa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mchungaji. Angalia hiyo mbao, ina misumari."

Mchungaji akakaa pembeni ya mbao. Alikuja na maombi mawili. La kwanza, kanisa limemaliza kujenga chumba cha maombi nyuma ya jengo, na kinahitaji mlango. La pili, Jumapili baada ya ibada kutakuwa na darasa la vijana.

"Nataka uwafundishe kudumu," alisema. "Hawa wetu wanaanza kwa moto, wanajipangia saa mbili za kuomba, sura kumi za Biblia, kufunga Jumatano na Ijumaa. Wiki mbili tu, wamezima, na wanaona hata haya kurudi kanisani."

"Mimi niwafundishe?"

"Kama si wewe, nani? Miaka kumi na moja hujakosa siku. Hata msiba haukukutingisha."

Fundi alikuwa akipiga randa, akaendelea kupiga. Maneno yalifika kwenye meno yake yakarudi. Alitamani kusema yote pale pale, kati ya maranda na harufu ya gundi, lakini aliutazama uso ule wa kijana uliojaa heshima, moyo ukamsaliti.

"Huo mlango wa kwangu mchukue," alisema. "Sitengenezi mwingine."

"Wa chumba chako mwenyewe? Mzee wangu, hapana."

"Chukueni."

Mchungaji aliondoka akifuta machozi, akisimulia njia nzima juu ya moyo wa kutoa. Masikini, hakujua kwamba mwenzake alitaka tu mlango ule utoke nyumbani kwake. Fundi alisimama na randa mkononi na kujichukia.

Jumamosi asubuhi aling'oa mlango. Jirani yake, fundi wa vyuma, akamsaidia kuubeba hadi karakana na kuulaza juu ya meza ya kazi, upande wa nje ukitazama juu, kisha akarudi kwenye vyuma vyake. Fundi akaleta msasa na kopo la vanishi. Alipanga kuukwangua juu juu, kuupaka, na kuukabidhi kabla ya jioni. Kazi ya saa tatu.

Jua lilikuwa limeingia vizuri kupitia mlangoni. Akapitisha kiganja juu ya mbao kutafuta mahali palipochubuka, kama alivyofanya kwa kila mlango, na kiganja kikasimama.

Sehemu ya chini ya mlango, kuanzia kimo cha goti kwenda juu, vanishi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imelika kidogo kidogo hadi mbao ikabaki tupu, sehemu pana kiasi cha mgongo wa mwanamke. Na mbao yenyewe ilikuwa laini, ina mng'ao wa mafuta. Juu yake kidogo kulikuwa na duara lingine, dogo, mahali pa kuegemeza kichwa chenye kilemba.

Korido ilikuwa na giza, na yeye kila siku aliingia alfajiri na kutoka akiwahi chai. Mtu huyu alikuwa anaingia nyumba za watu na kuona kwa jicho moja bawaba iliyolegea, lakini mlango wake mwenyewe hakuwahi kuinama kuutazama.

Alijua kusoma mbao. Vanishi tabaka tatu, ile ngumu aliyokuwa akiipaka milango ya nje. Kitambaa laini. Mtu mmoja asiye mzito. Hii haikuwa kazi ya asubuhi moja wala ya mwaka mmoja. Akapiga hesabu mara ya kwanza, akapiga mara ya pili, na zote mbili zilimpeleka kwenye miaka ileile. Mkewe alikuwa ameketi hapa tangu mwanzo.

Hofu ilimshika, na baada ya hofu, hasira, na hakujua ni hasira juu ya nani. Akachukua msasa. Alitaka pafanane na kwingine, alitaka pasiwepo. Akausukuma mara moja, pembeni kabisa ya sehemu ile, unga mwembamba ukatoka.

"Baba, acha."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa mikate, bado amevaa kofia nyeupe ya kiwanda cha mikate. Zamu yake ilikwisha saa sita.

"Unakwenda kanisani," Fundi alisema bila kuinua uso. "Lazima uwe safi."

"Paka kwingine kote. Hapo usipaguse, hapo ni pa Mama."

Akauweka msasa chini. "Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba alikuwa anakaa hapa."

Binti akamtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Baba, mimi nilikuwa naruka miguu yake kila siku. Tangu niko shule mpaka nimeanza kazi. Wewe ukishafunga mlango, yeye anabandika birika, anakuja anakaa. Birika likichemka anaondoka. Nilidhani unajua. Nilidhani ndivyo mlivyokubaliana."

"Sikujua."

"Miaka yote hiyo?"

 Fundi akavuta kigoda akakaa. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Alikuwa anafanya nini?"

"Anaomba. Lakini si maombi marefu. Anataja jina lako, anataja langu, anamtaja yeyote mwenye shida, halafu ananyamaza tu. Siku moja nilimuuliza kwa nini asiingie mkaomba pamoja. Akaniambia, 'Baba yako anaomba kwa saa, mimi naomba kwa birika. Nikiingia nitamharibia.'"

Fundi akaweka viganja viwili juu ya sehemu ile iliyolika. Alikuwa amejenga mlango mnene apate kuwa peke yake na Mungu, na muda wote huo mkewe alikuwa upande wa pili, unene wa kiganja kimoja kutoka mgongoni kwake, akimtaja. Angeweza kuwa naye humo ndani kwa miaka kumi na moja. Alijiona ameibiwa, na mwizi alikuwa yeye mwenyewe. Akalia. Hakujikaza, wala hakugeuka ukutani.

Binti akaja akasimama karibu, mfuko wa mikate bado mkononi.

"Nilisikia," Fundi alisema.

"Ulisikia nini?"

"Siku ile. Niliwaambia watu wote sikusikia. Nilisikia kitu kimegonga chini. Nikatazama saa. Nikaendelea." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nawaombea wagonjwa."

Kwenye karakana ya jirani nyundo ilikuwa ikigonga chuma, ikanyamaza, ikaanza tena. Binti akaweka mfuko juu ya mbao. Alivua kofia, akaikunja mara mbili, akaikunjua.

"Na mimi nilimwona," alisema.

Fundi akainua uso.

"Ile saa kumi na moja na dakika kumi, natoka. Alikuwa amekaa pale pale, ameshika kichwa. Akasema kinamuuma tangu jana yake. Nikamwambia amwite Baba. Akasema, 'Muache amalize, zimebaki dakika chache.'" Akaikunja tena kofia. "Zilikuwa hamsini, Baba. Mimi nilijua ni hamsini. Lakini kule ukichelewa geti linafungwa. Nikaruka miguu yake nikaenda."

"Kwa nini hukugonga?"

Alitamani kulirudisha swali hilo kabla halijafika, kwa sababu jibu lake lilikuwa tayari limekaa kati yao.

"Ulisema tusigonge," binti alisema.

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja jambo la kawaida la nyumbani, kwamba sukari iko kabati la juu. Hilo ndilo lililomuumiza Fundi kuliko lawama zote alizokuwa akizisubiri kwa miezi saba. Akamvuta mwanawe, akamkumbatia, kichwa cha binti kikiwa kimejaa harufu ya hamira, na wakakaa hivyo muda mrefu, wote wawili wakiwa wamebeba dakika zilezile kwa muda wote ule bila kuambiana.

"Na najua huombi," binti alisema begani kwake.

"Umejuaje?"

"Jumapili niko nyumbani, Baba. Unatoka kuomba na maranda kwenye suruali."

Fundi akacheka, kicheko kikamponyoka, kikageuka kilio tena kabla hakijaisha. Mchana ule walikula mkate mkavu juu ya mlango, kila mmoja upande wake, na sehemu ile iliyolika ikabaki katikati bila kuguswa.

Jumapili vijana kama thelathini walikuwa wamekaa na madaftari mapya, kalamu zimeinuliwa. Mchungaji alikuwa amekaa mbele, anatabasamu. Fundi akasimama, akasema habari zenu, wakajibu, kisha akawaambia. Aliwaambia juu ya mlango wa tabaka mbili, komeo, jina la kumi na tatu, na alama ya vyema aliyoitia kabla ya kuvuta komeo. Hakuna aliyeandika. Mchungaji aliinamisha kichwa na hakukiinua.

"Mimi niliomba saa nzima," alisema, "na sikutaka ikatizwe. Mama yenu aliomba kwa birika moja. Mtoto akilia anainuka, mgeni akibisha hodi anainuka, kisha kesho anarudi palepale. Kumi na moja yangu na kumi na moja yake ni miaka ileile. Yangu imekatika siku moja, na tangu hapo sijaweza kuiunga. Sijui kama mnanielewa."

Msichana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono. Akauliza, kwa adabu, sasa mtu aombe dakika ngapi.

"Sijui, mwanangu. Mimi hapa siombi kabisa, sasa naingia mwezi wa nane. Nafikiria kuanza kesho."

Baadhi yao wakacheka kidogo, wakanyamaza walipoona hacheki. Alipomaliza alimfuata mchungaji nje. Akamwomba radhi, akamwambia mlango hautakuja. Kile chumba, alisema, watundike pazia. Mchungaji alimshika mkono kwa mikono miwili.

Jioni ile Fundi na jirani yake wakaurudisha mlango mahali pake. Komeo alilitoa, tundu akaliziba kwa kipande cha mbao. Msasa hakuutumia tena, na ule mkwaruzo mmoja alioupiga Jumamosi ukabaki pembeni, mweupe, mahali ambapo yeyote angeweza kuuona.

Jumatatu saa kumi na moja alibandika birika. Akaja kwenye korido, akaufunga mlango yeye akiwa nje, akaketi sakafuni na kunyoosha miguu. Akaegemea. Mgongo wake ulikuwa mpana kuliko sehemu ile, ukazidi huku na huku. Lakini kichwa kilipata mahali, au karibu na mahali, inchi mbili juu ya duara la kilemba. Sakafu ilikuwa baridi. Akawaza kwamba mkewe aliivumilia baridi hii kila asubuhi na hakuwahi hata kulalamika kiuno.

Hakuna neno lililokuja. Alifumba macho na lile jina la kumi na tatu likaja, kama kawaida, na safari hii hakulikimbia. Akalitaja. Alikuwa mama mmoja wa kwaya, mwenye kisukari, na alikuwa hai bado. Kisha akamtaja binti yake. Akajaribu kumtaja mkewe, akashindwa, akanyamaza tu na kuyasikiliza maji jikoni.

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka. Binti akatoka na kofia nyeupe mkononi, anakimbia kama kila siku, akafika kwenye miguu ya baba yake iliyolala katikati ya korido. Akainua mguu ili aruke, kwa mazoea ya miaka. Ukabaki hewani. Akaurudisha chini.

"Kichwa hakikuumi, Baba?"

"Hakiniumi."

"Kweli?"

"Kweli. Nenda, mwanangu, utafungiwa geti."

Hakwenda. Akachuchumaa mbele yake, akamshika paji la uso kwa kiganja, akamsogeza kidogo kuelekea mwanga wa jikoni.

"Hebu tabasamu nikuone."

Fundi alijaribu. Halikuwa tabasamu la kupendeza, na machozi yalikuwa yameanza kulishukia, lakini alilishikilia hapo kwa ajili yake. Birika lilikuwa limekwisha kuchemka, kifuniko kikirukaruka, na binti alikuwa bado anamtazama mdomo, upande mmoja, kisha upande wa pili.